UZI: Mielekeo ya jedwali la elementi, pale inapopinda na kwa nini (kundi la 1, la 2 na la 7)

Kiini_Chanya (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Kila msimu wa mitihani maswali ni yaleyale, na majibu mengi ni ya kukariri: "ukishuka kundi inaongezeka, ukienda kulia inapungua". Sawa, ila watunzi wa mitihani hawaulizi pale mstari ulipo mnyoofu. Wanauliza pale unapopinda. Uzi huu ni wa hapo.

Kwanza tuelewane. "Kundi" ni safu ya kusimama, "mlalo" ni safu ya kulala. Makundi nitayahesabu kwa mtindo wa zamani wa shule, kwa hiyo halojeni ni kundi la 7, ambalo vitabu vipya vinaliita la 17.

Karibu kila mwelekeo unaamuliwa na mambo matatu: kiini kina protoni ngapi, elektroni ya nje iko mbali kiasi gani, na elektroni za ndani zinaikinga kiasi gani. Ukivuka mlalo kwenda kulia, protoni zinaongezeka moja moja huku elektroni mpya zikiingia ganda lilelile. Elektroni za ganda moja hazikingani vizuri, kwa hiyo mvuto unazidi na atomu inasinyaa. Ukishuka kundi, linaongezeka ganda zima: elektroni ya nje inakaa mbali, imekingwa, na kung'oka kwake ni rahisi.

Sasa angalieni nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza kwenye mlalo wa tatu, kwa kJ/mol:

Na 496, Mg 738, Al 578, Si 786, P 1012, S 1000, Cl 1251, Ar 1521

Inapanda, lakini inateleza mara mbili: Mg kwenda Al, na P kwenda S. Mlalo wa pili unateleza palepale: Be 899 kwenda B 801, kisha N 1402 kwenda O 1314. Mtelezo wa kwanza unatokana na elektroni ya nje ya aluminiamu kukaa 3p, ambayo nishati yake iko juu kuliko 3s (s na p ni vijiganda ndani ya ganda moja, hapa la tatu) na inakingwa na hizo 3s mbili. Iko tayari kutoka ingawa kiini kina protoni moja zaidi. Mtelezo wa pili nawaachia mjadili.

---

kidato6_PCM

Shikamoo mwalimu. Huo wa pili tuliandikiwa kwamba fosforasi ina p iliyojaa nusu, na nusu ni imara. Inatosha?

---

Bi_Klorini

Mdogo wangu, msahihishaji mpole atakupa alama, mkali atakuuliza "imara kwa sababu gani?" Fosforasi ina 3p³, elektroni tatu, kila moja na obitali yake (chumba chake ndani ya kijiganda). Salfa ina 3p⁴, maana yake obitali moja ina elektroni mbili zinazosukumana. Ile ya pili inatoka kwa urahisi kwa sababu mwenzake anaisukuma. Andika hivyo: "msukumano wa elektroni mbili ndani ya obitali moja ya 3p". Ukitaka kuongeza nusu iliyojaa, iwe baada ya hapo.

---

kidato6_PCM

Nimekupata dada. Na hili je: elementi X ina nishati za kung'oa elektroni 578, 1817, 2745, 11577. Ipo kundi gani?

---

Bi_Klorini

Tafuta mruko mkubwa kuliko yote, na uutafute kwa kugawanya, usitoe. 1817 kwa 578 ni kama mara 3.1. 2745 kwa 1817 ni 1.5. 11577 kwa 2745 ni 4.2. Mruko uko baada ya ya tatu, kwa hiyo elektroni tatu zilikuwa ganda la nje na ya nne imetolewa ganda la ndani. Kundi la 3. Hizo ni namba za aluminiamu. Wanaoanguka hapa huona ile mara 3.1 ya mwanzo, wakakimbilia kundi la 1. Sodiamu yenyewe ni 496 kisha 4562, zaidi ya mara tisa. Mruko wa kutoka ganda moja kwenda jingine haujifichi.

---

MtuWaMaabara

Niingie kundi la 1, maana huku kosa halikunyimi alama tu, linaweza kukutoa jicho.

Kiwango cha kuyeyuka kinashuka vizuri: Li 180.5 °C, Na 97.8, K 63.5, Rb 39.3, Cs 28.4. Kila atomu inachangia elektroni moja tu kwenye bondi ya metali, na jinsi ioni inavyokuwa kubwa ndivyo kiini kinavyozishika elektroni hizo kwa ulegevu. Hapa hamna kona.

Kona iko kwenye densiti: Li 0.53, Na 0.97, K 0.86, Rb 1.53. Potasiamu ni nyepesi kuliko sodiamu! Kutoka Na kwenda K, ujazo wa atomu umekua kwa uwiano mkubwa kuliko uzito wake. Basi, hakuna siri nyingine.

Namba hizo zina kazi stoo. Mafuta ya taa yana densiti karibu 0.8. Sodiamu na potasiamu zinazama ndani yake na kukingwa na hewa. Lithiamu inaelea, mgongo uko nje, unakuwa mweusi. Kwa hiyo lithiamu haikai kwenye mafuta ya taa kama wenzake. Inapakwa mafuta mazito ya mgando na kufungwa kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Ukikuta potasiamu ya zamani yenye ukoko wa njano au rangi ya chungwa, USIIKATE. Ukoko huo una KO₂, na kisu kikiusukuma ndani ya metali safi iliyolowa mafuta unaweza kulipuka. Usijaribu kuukwangua wala kuitupa majini. Kopo lifungwe, liwekewe alama, liachwe kwa mtu aliyefunzwa kuharibu kemikali.

---

Mashapo_Meupe

Mkuu hapo umegusa jambo watu wanalipita. Ukiziunguza kwenye hewa hazitoi oksaidi ya aina moja. Lithiamu inatoa hasa Li₂O, sodiamu inatoa hasa Na₂O₂, potasiamu inatoa KO₂. Ioni ndogo kama Li⁺ inaivuruga ioni kubwa ya oksijeni na kuivunja, ioni kubwa kama K⁺ inaiacha ikae. Kanuni hiyohiyo inarudi kwenye kaboneti na naitreti.

---

kidato6_PCM

Mwalimu, kwenye jedwali la elektrodi lithiamu ni −3.04 V, sodiamu −2.71, potasiamu −2.93. Lithiamu ndiyo kali kuliko zote kwa hayo. Mbona majini inachechemea tu pembeni?

---

Kiini_Chanya

Swali zuri, na wengi hulijibu vibaya. Volti inakuambia mwisho wa safari uko chini kiasi gani. Haikuambii mwendo.

Hiyo −3.04 inatokana na Li⁺ kuwa ndogo mno, kwa hiyo molekuli za maji zinaizunguka kwa nguvu na kutoa nishati nyingi, inayofidia ile kubwa ya kung'oa elektroni (520, dhidi ya 496 ya Na na 419 ya K). Mwendo ni habari nyingine. Joto linalotoka linaiyeyusha sodiamu kwenye 98 °C, inakuwa tone linalokimbia juu ya maji na kuonyesha uso mpya muda wote. Potasiamu inayeyuka mapema zaidi, na haidrojeni inayotoka inawaka hapohapo kwa mwali wa zambarau hafifu. Lithiamu haifiki 180 °C, inabaki kipande kigumu. Tena LiOH haiyeyuki majini kwa wingi kama NaOH, kwa hiyo inachelewa kuondoka kwenye uso wa metali.

Ukiulizwa "ipi inapunguza zaidi kwenye myeyusho" (yaani ipi inatoa elektroni zaidi kwa wengine), jibu ni lithiamu. Ukiulizwa "ipi inaingiliana na maji kwa ukali zaidi", unashuka kundi. Soma swali.

---

Mashapo_Meupe

Lithiamu ina undugu zaidi na magnesiamu, iliyo mshazari nayo kwenye jedwali, kuliko na ndugu zake wa kundi. Li₂CO₃ ikichomwa inavunjika kuwa oksaidi, Na₂CO₃ haivunjiki kwa moto wa Bunsen. LiNO₃ inatoa moshi wa kahawia wa NO₂, NaNO₃ inatoa oksijeni tu na kubaki NaNO₂. Li inaungana na naitrojeni ya hewa kuwa Li₃N, Mg ikiungua nayo inatoa Mg₃N₂ kidogo. Li⁺ na Mg²⁺ zinakaribiana ukubwa, basi tabia zinafanana.

---

Chokaa_na_Maji

Kundi la 2 mnaliruka wakati ndilo lenye utamu. Kiwango cha kuyeyuka kimevurugika (Be 1287, Mg 650, Ca 842, Sr 777, Ba 727) kwa sababu metali hizi hazipangi atomu zake kwa namna moja. Hilo lipite. Kubwa ni uyeyukaji majini, unaokwenda pande mbili zinazopingana.

Gramu kwa mililita 100 za maji, kwenye joto la kawaida, takriban:

Haidroksaidi: Mg 0.001, Ca 0.17, Sr karibu 1, Ba karibu 4. Inapanda.
Salfeti: Mg zaidi ya 30, Ca 0.2, Sr 0.013, Ba 0.0002. Inaanguka.

Metali zilezile! Siri iko kwa mwenzake. Kigumu kinayeyuka pale nishati ya ioni kuzungukwa na maji inapoweza kulipia gharama ya kuvunja fuwele. Ukishuka kundi vyote viwili vinapungua, swali ni kipi kinapungua haraka. Nishati ya kuzungukwa na maji inashuka kutoka kama 1,920 kJ/mol kwa Mg²⁺ hadi kama 1,300 kwa Ba²⁺.

Nguvu ya fuwele inategemea umbali kati ya vitovu vya ioni mbili, yaani nusukipenyo cha metali ukijumlisha na cha mwenzake. Salfeti ni kubwa. Ukibadili Mg kwa Ba, jumla haibadiliki sana, fuwele inabaki ngumu huku maji yakiwa yamepoteza nguvu. Haiyeyuki. OH⁻ ni ndogo. Ukibadili Mg kwa Ba umbali unakua kwa uwiano mkubwa, fuwele inalegea kuliko maji yalivyolegea. Inayeyuka.

Ukishalielewa hilo, hutahitaji kuyakariri tena majedwali ya uyeyukaji ya kundi hili.

---

MtuWaMaabara

Na kwenye meza ya praktiko ndipo linapoonekana:

Ca²⁺ ukiweka NaOH unapata mashapo meupe, yasiyoyeyuka ukizidisha. Ukiweka amonia hupati kitu, kwa sababu amonia ni besi dhaifu na OH⁻ iliyomo haifiki kiwango cha kuangusha Ca(OH)₂. Mg²⁺ inatoa mashapo kwa zote mbili, maana Mg(OH)₂ haihitaji OH⁻ nyingi. Hapo ndipo unapozitenganisha.

Ba²⁺ kwa NaOH isitoe kitu kwenye myeyusho hafifu. Ikitoa weupe mwingi, usiandike "kalsiamu", shuku chupa ya NaOH. Ikikaa wazi inanyonya CO₂ ya hewa na kuwa na kaboneti ndani, na unachokiona ni BaCO₃. Kuipima: toa kidogo, weka asidi ya HCl. Ikitoa vipovu, tengeneza mpya.

---

kidato6_PCM

Na maji ya chokaa kwa nini mara nyingine hayageuki maziwa hata ukipuliza?

---

Chokaa_na_Maji

Sababu tatu, kwa mpangilio wa kawaida yake.

Ya kwanza, ni ya zamani na CO₂ ya hewa imeshaimaliza Ca(OH)₂. Utaona utando mweupe juu au vumbi chini.

Ya pili, yalitengenezwa kwa maji ya moto. Hapa kuna kona: uyeyukaji wa Ca(OH)₂ UNAPUNGUA kwenye maji ya moto. Kama 1.7 g kwa lita kwenye 20 °C, kama 0.7 tu kwenye maji yanayochemka. Tumia maji baridi, weka gramu 3 kwa lita, funga, tikisa, iache usiku mzima, kisha mimina yale maangavu ya juu bila kutibua chini.

Ya tatu, gesi imepita kupita kiasi. Maziwa yalitokea, ukaendelea, CaCO₃ ikageuka Ca(HCO₃)₂ inayoyeyuka. Tazama tangu kipovu cha kwanza.

Tukiwa hapo: kaboneti za kundi hili zinahitaji joto zaidi kadiri unavyoshuka. MgCO₃ inavunjika mapema, CaCO₃ inataka karibu 900 °C, BaCO₃ inapita 1300. Ioni ndogo ya Mg²⁺ inavuta wingu la elektroni la CO₃²⁻ mpaka inajivunja kuwa oksaidi. Ndiyo maana tanuri za chokaa za pwani zilizochoma matumbawe, ambayo ni CaCO₃, zilikula kuni nyingi hivyo. Mawe yasipofika joto hilo mpaka ndani, kiini kinabaki kibichi, na chokaa yake haikolei vizuri ukiimwagia maji.

---

Bi_Klorini

Haya, kundi la 7. Kuchemka: F₂ −188 °C, Cl₂ −34, Br₂ 59, I₂ 184. Inapanda kwa sababu elektroni ni nyingi na mvutano kati ya molekuli unazidi. Hapo hakuna anayekosea.

Kosa liko kwenye sentensi "floraini ni kali kwa sababu inapokea elektroni kwa nishati kubwa kuliko zote". Si kweli. Floraini inatoa 328 kJ/mol ikipokea elektroni, klorini inatoa 349. Floraini ni ndogo mno, elektroni mpya inakuta msongamano. Bondi nayo: F–F 158, Cl–Cl 242, Br–Br 193, I–I 151. Ya floraini ni dhaifu kwa sababu elektroni zisizo na bondi kwenye atomu mbili zilizokaribiana zinasukumana. Basi ukali wake unatokana na mambo mawili: bondi yake inavunjika kwa urahisi, na F⁻ ndogo inazungukwa na maji, au inakaa kwenye fuwele, kwa nishati kubwa.

---

Mashapo_Meupe

Dada ongeza kipimo cha fedha naitreti, watu wanakikosea kila siku.

---

Bi_Klorini

Sampuli mililita 2, asidi ya naitriki hafifu matone machache, halafu AgNO₃ hafifu matone machache. Kloraidi: meupe, yanayeyuka kwenye amonia hafifu. Bromaidi: rangi ya krimu, yanayeyuka kwenye amonia kali tu. Iodaidi: njano, hayayeyuki hata kwenye kali. Floraidi haitoi kitu, AgF inayeyuka majini.

Yanayoharibu:
- Maji ya bomba. Yana kloraidi, kila kitu kitakuwa na weupe. Tumia yaliyokenekwa, hata kwa kusuuza testi tyubu.
- Kuacha asidi. Kaboneti inatoa Ag₂CO₃ inayofanana na kloraidi. Naitriki huifukuza kama CO₂.
- Kutumia HCl badala ya naitriki. Umejiwekea kloraidi mwenyewe.
- Kuangalia rangi baada ya robo saa juani. Mwanga unaigeuza kijivu.
- Kuhifadhi mchanganyiko wa fedha na amonia. Ukikaa unaweza kuacha kitu kinacholipuka. Tia asidi, mwaga siku hiyohiyo.

Krimu na nyeupe kwa macho ni ugomvi. Amini amonia, usiamini macho.

---

MtuWaMaabara

Kwenye kufukuzana, yaani halojeni kali kuitoa dhaifu kwenye chumvi yake (maji ya klorini kwenye KBr au KI), kuna mtego kama huo. Bromini na iodini majini zote zinaweza kuonekana njano hadi kahawia. Weka mililita 1 ya heksani, tikisa, acha itengane: tabaka la juu likiwa chungwa ni bromini, zambarau ni iodini. Na usimimine klorini nyingi kwenye KI, maana ikizidi inaichukua iodini mpaka iodeti isiyo na rangi, na utaandika "hakuna badiliko" wakati limetokea mara mbili.

Heksani inashika moto, zima Bunsen kwanza.

---

kidato6_PCM

Hiyo iodeti ndiyo iliyo kwenye chumvi yenye madini joto? Nilidhani ni iodaidi.

---

Kiini_Chanya

Chumvi ya kwetu kwa kawaida huwekwa KIO₃, na sababu iko kwenye huuhuu mwelekeo. I⁻ ni kubwa, elektroni yake ya nje iko mbali, inaiachia kwa urahisi kwa hewa na unyevu. Chumvi yetu huuzwa kwa kupimwa, imekaa kwenye gunia wazi na joto la pwani, kwa hiyo iodaidi ingepotea. Iodeti imeshachukua oksijeni yake, haina haja ya kuguswa na hewa.

Kuipima: kijiko kimoja cha chumvi kwenye maji mililita 50, matone machache ya asidi hafifu, KI kidogo, kisha uji mwepesi wa wanga uliopoa. Ikigeuka buluu, iodeti ipo: IO₃⁻ + 5I⁻ + 6H⁺ inatoa 3I₂ na maji. Ukiweka wanga peke yake hutaona kitu, kwa sababu wanga unashika I₂, haushiki iodeti.

Wanga ukiwa wa moto buluu inapotea. Na KI iliyokaa wazi imeshaanza kutoa iodini yenyewe, inakuwa njano na kukupa buluu hata kwa chumvi isiyo na kitu. Kwa hiyo weka testi tyubu ya pili yenye NaCl safi ya maabara, uifanyie yote yaleyale. Ile ikigeuka buluu, badilisha KI kabla ya kumlaumu muuza chumvi.

---

Mashapo_Meupe

Mkuu kabla hujafunga, galiamu. Kwa nini ni ndogo kuliko aluminiamu wakati iko chini yake?

---

Kiini_Chanya

Kati ya kalsiamu na galiamu zimepita elementi kumi za 3d. Protoni kumi zimeongezeka, na elektroni za d zinakinga vibaya, kwa hiyo ganda la nje la galiamu limevutwa ndani. Nusukipenyo cha metali ni kama pm 143 kwa Al na 135 kwa Ga, na nishati ya elektroni ya kwanza zinalingana karibu kabisa, 578 na 579. Chini zaidi elektroni za f zinafanya hivyohivyo: zirkoniamu 160, hafniamu 159, ndiyo maana kuzitenganisha ni kazi.

Galiamu ndiyo iliyompa Mendeleev heshima. Jedwali lake la 1869 lilikuwa na nafasi wazi kwenye kundi la aluminiamu, na akatabiri densiti ya kama 5.9. Lecoq de Boisbaudran alipoipata 1875 alipima 4.7. Mendeleev akasema sampuli si safi. Ikasafishwa, ikapimwa upya, ikatoka 5.9.